Fidia ya korona kwa wakulima na wafugaji wa Marekani ni nini?

Aprili 2020, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani walikuwa wakimwaga maziwa, huku baadhi ya maduka mjini yakiwapangia wateja idadi ya galoni za kununua. Shule, hoteli na mikahawa iliyozoea kununua kwa wingi ilikuwa imefungwa. Machinjio makubwa nayo, kama la kampuni ya nyama ya nguruwe ya Smithfield pale Sioux Falls, South Dakota, yalisimama baada ya wafanyakazi wengi kuambukizwa. Nguruwe waliokwisha kufikia uzito wa sokoni wakakosa mnunuzi, na wengine wakauawa na kufukiwa.

Hapo ndipo serikali ilipotangaza fidia ya korona: fedha taslimu alizolipwa mkulima au mfugaji kwa sababu bei ya mazao au mifugo yake ilianguka ghafla, au soko lake lilikatika. Si mkopo, kwa hiyo hairudishwi. Wala si bima, maana hakuna aliyeichangia kabla. Awamu ya kwanza ilitengewa dola bilioni 16, na zao liliingia kwenye orodha ikiwa bei yake ilishuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili 2020. Mkulima alijaza fomu katika ofisi ya kilimo ya kaunti yake kuanzia Mei 26, akitaja mwenyewe alichouza na alichobaki nacho. Ofisi ingeweza kumdai vielelezo baadaye.

Hesabu yenyewe ndiyo inayoonyesha fidia hii ilivyofikiriwa. Tuchukue mfugaji wa Nebraska aliyeuza ndama 40 wenye uzito wa chini ya kilo 272 hivi kati ya Januari 15 na Aprili 15. Kila ndama alihesabiwa dola 102, jumla 4,080. Kisha zikatazamwa ng'ombe alizokuwa nazo kati ya Aprili 16 na Mei 14. Kama zilikuwa 100, kila mmoja dola 33, ni 3,300 nyingine. Jumla 7,380. Kwanza alipewa asilimia 80, yaani 5,904, ili fedha zisije zikaisha kabla ya wote kufikiwa. Iliyobaki ikafuata baadaye.

Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapouliza kama familia ina akiba au inalala njaa. Kinachohesabiwa ni mifugo na mazao. Mwenye ng'ombe elfu akalipwa kwa ng'ombe elfu, hadi ukomo wa dola 250,000 kwa mtu mmoja, na kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani ingeweza kufika 750,000. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa mpango: mfugaji mdogo hana akiba ya kumvusha mwezi mmoja bila soko, na ndiye aliyepata kidogo. Awamu ya pili, iliyofunguliwa Septemba 2020 kwa dola bilioni 14, iliongeza mazao mengi lakini haikugusa msingi huo. Ng'ombe wa nyama walilipiwa dola 55 kila mmoja.

Waliosahaulika zaidi ni wafugaji wa kuku wa mkataba. Hawa hujenga mabanda kwa mkopo wao wenyewe na kulea vifaranga vya kampuni. Kwa kuwa kuku si mali yao, awamu zote mbili zilipofunguliwa ziliwaacha nje, ingawa kampuni zilipopunguza vifaranga mabanda yalibaki matupu na deni la benki likaendelea kudai. Bunge lilikuja kuwaingiza kwa sheria ya Desemba 2020. Vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa machinjio walingoja zaidi: mpango wao ulitangazwa Septemba 2021, dola 600 kwa kila mtu, mara moja tu.