Anacheza UMISSETA, mbona Elimu ya Michezo ana C?

"Mwalimu, huyu kijana yuko timu ya wilaya ya UMISSETA. Elimu ya Michezo amepata C. Mdogo wake, ambaye hata embe kulipopoa hawezi, ana B. Hii imekaaje?"

Baba aliyeniuliza hivyo alikuwa na ripoti mbili mkononi, tumesimama nje ya uwanja wa Nyamagana, kijana mwenyewe pembeni. UMISSETA ni mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Kazi yangu ni kufundisha walimu wa michezo hapa Mwanza, na swali hilo nimeshaulizwa mara nyingi mno. Naona heri nilijibu hadharani.

Kuteua timu ni kazi moja, kupima somo ni kazi nyingine. Kocha anatafuta watu wa kushinda mechi. Anachukua waliopo juu leo, wengine wanabaki kushangilia. Mwalimu wa somo anatakiwa kujua kama kila aliyemo darasani, hata yule ambaye kila siku ana udhuru wa kuumwa tumbo, amejifunza kilichofundishwa. Mtaala unataja maarifa, stadi na mwelekeo, na mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa somo hili una nadharia pamoja na vitendo. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani (NECTA), C ni alama 45 hadi 64. Mfungaji hodari asiyeweza kueleza kwa nini mwili hupashwa moto kabla ya mechi huangukia hapo kirahisi sana.

Na hata kwenye vitendo, kinachopimwa si nguvu. Chukua pasi ya kifua kwenye netiboli. Mwalimu asiyejiandaa anahesabu pasi zilizofika, basi. Aliyejiandaa ana karatasi yenye vigezo vinne: vidole vimetanuliwa nyuma ya mpira, viwiko viko karibu na mbavu, mguu mmoja unatangulia wakati wa kusukuma, mikono inabaki imenyooka kumwelekea mwenzake baada ya mpira kuondoka. Binti mdogo ambaye mpira wake unafika umechoka anaweza kupata vyote vinne. Yule mrefu anayeuvurumisha kwa mkono mmoja amefikisha mpira, ila pasi ya kifua hajaijua bado. Darasa likiwa na watoto 80, usijaribu kuwamaliza kwa kipindi kimoja. Pima kumi leo, kumi kipindi kijacho, na usiwatangazie, maana ukishatangaza wanakauka kama wako kwa daktari wa meno.

Ninapogombana na walimu ni kwenye mbio. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alitoa kipimo cha kukimbia dakika 12 ili kukadiria uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Ni kipimo kizuri. Lakini alikitengeneza kwa ajili ya kujua hali ya mwili wa askari, na baadhi yetu tumekigeuza kuwa mtihani: aliyezunguka uwanja mara nyingi A, aliyebaki nyuma D.

Huku kwetu ziwani, saa ya kukimbilia inapima na mambo ambayo mtoto hakuyachagua. Watoto wa Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe wanaoga na kuchota maji ziwani, na kichocho cha tumbo huingilia kwenye ngozi humohumo majini. Kikikaa muda mrefu mwilini bila tiba, damu hupungua na mtoto huchoka haraka. Mwenye sikoseli, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa tunaujua vizuri mno, akilazimishwa kukimbia hadi aishiwe pumzi, tena na kiu, anaweza kuamkia maumivu makali hospitalini. Huyo aruhusiwe kusimama na kunywa maji bila kuomba, na alama zake zitoke kwenye stadi. Mwenye ualbino mpangie kipindi cha asubuhi mapema au sehemu yenye kivuli, avae kofia na mikono mirefu, na kwa kuwa wengi wao hawaoni mbali, mtumie mpira wa rangi kali na umsogezee.

Kuna wanaosema basi tupime maendeleo: alivyokimbia Februari dhidi ya Juni. Nakubali nusu. Wanafunzi si wajinga. Wakishajua mchezo huo, Februari wote wanachechemea. Tena aliyekuwa bora tangu mwanzo hana pa kupanda.

Mavazi je? Kumkata mtoto alama kwa kukosa raba ni kupima mfuko wa baba yake. Nami nilikatwa hivyo nikiwa darasa la tano, nikacheza pekupeku mwaka mzima, na mpaka leo sijaelewa zile alama tano nilizokatwa zilienda wapi.

Mwelekeo ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi, kwa sababu mwalimu huandika tu "mtoto mzuri". Aandike alichokiona: alimpa pasi yule ambaye wenzake wanamruka, alikubali filimbi bila kubishana, alikusanya koni pasipo kutumwa. Ushauri wangu kwa walimu, na ni ushauri tu, ni nusu ya alama kwa stadi, robo kwa maarifa, robo kwa ushiriki na nidhamu ya mchezo.

Mzazi, Januari mwambie mwalimu hali ya afya ya mwanao, usingoje aanguke uwanjani. Na siku ya kikao omba kuona vigezo vilivyotumika. Mwalimu aliyepima kwa haki hatakunyima daftari lake.

Yule baba nilimwomba azifungue ripoti. Shule yao inagawa hamsini kwa hamsini. Mkubwa: vitendo 41, nadharia 16. Mdogo: vitendo 33, nadharia 36. Baba akakaa kimya kidogo, kisha akamgeukia kijana.

"Kumbe lile daftari nililokununulia Januari bado jipya?"

Kijana akainama kufunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimeshafungwa.