Je, wajua? Hospitali ya Lenin haikujengwa na Warusi

Swali lilikuwa jepesi: nani aliyeijenga hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja? Nilijibu kabla kikombe cha kahawa hakijafika mdomoni. Warusi. Hospitali iliitwa V. I. Lenin, Lenin alikuwa Mrusi, hesabu imekwisha. Mzee mmoja pale barazani alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu," akaniambia, "mimi nimelazwa mule spitali ikiitwa Karimjee. Huyo Lenin wako alipokuja alikuta vitanda vishatandikwa."

Nilibisha kidogo, kwa haya tu. Kumbe mzee alikuwa na haki yake yote.

Hospitali kuu ya Unguja, ile iliyopo barabara ya Kaunda ikitazama bahari upande mmoja na viwanja vya Mnazi Mmoja upande wa pili, imepita majina matatu ndani ya umri wa mtu mmoja. Katika miaka ya 1950 iliitwa Karimjee Jivanjee, kwa jina la ukoo wa wafanyabiashara wa Kibohora wenye asili ya Kutch huko Bara Hindi. Ukoo huo ulianza biashara Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukaja kutajirika kwa karafuu na baadaye kwa mkonge wa bara. Waliopita Dar es Salaam wanaujua ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge lilikuwa likikutana zamani. Ni watu hao hao. Fedha zao ndizo zilizosimamisha jengo la hospitali ambalo wengi wetu tumezoea kuliona. Yalipokuja Mapinduzi ya Januari 12, 1964, majina ya matajiri na ya wafalme yakafutwa mjini kote, na hospitali ikapewa la Lenin. Baadaye nalo likaondoshwa, likabaki jina la mahali penyewe: Mnazi Mmoja.

Kosa langu lilikuwa na mantiki yake, ndiyo maana nalikuta kwa watu wengi. Majengo ya Michenzani kweli yalijengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki. Madaktari wa nchi za kijamaa kweli walikuja. Wachina, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitoka mkoa wa Jiangsu, wamo visiwani kwa zamu tangu miaka ya 1960. Mtu akikusanya hayo yote kichwani, akaongeza jina la Lenin getini, anapata Warusi wenye mwiko na saruji. Lakini tazama skuli ya Lumumba. Kabla ya Mapinduzi iliitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Sijasikia hata mtu mmoja akidai kwamba Patrice Lumumba alitoka Kongo kuja kuijenga. Kwa skuli tunaelewa kwamba jina ni nguo tu, mtu huvaa na kuvua. Kwa hospitali tukadhani ni ngozi.

Na si kosa hilo pekee. Nilikuwa na la pili, kubwa zaidi, na hili hata mzee wa barazani hakulisahihisha, kwa sababu naye alikuwa nalo.

Ukija na boti kutoka Dar es Salaam, jengo moja hukuvuta jicho kabla hujashuka: la ghorofa kadhaa, lina roshani za mbao zilizonakshiwa kama shela ya bibi harusi, rangi ya kijani, limesimama barabara ya Mizingani mbele ya bandari. Hilo ndilo linaloitwa Dispensari ya Zamani. Mimi nilishika kwamba hospitali ya Zanzibar ilianzia hapo, ikajaa, ikahamia Mnazi Mmoja kama familia inavyohama nyumba ndogo kwenda kubwa. Inapendeza, na haikuwa hivyo. Hizi ni mbegu mbili tofauti. Moja ilichipua ikadumaa. Ya pili ikawa mti. Kwa nini, hapo ndipo utamu wa habari ulipo.

Nyuma ya yote haya kuna mji uliokuwa ukiugua sana. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu; James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwapo mjini, akakiandikia kitabu kizima kufuatilia kilivyosafiri na misafara ya biashara. Sayyid Barghash, aliyeshika utawala 1870, akaja kuleta maji ya chemchemi mjini kwa mfereji. Wamisionari wa Kianglikana wakafungua hospitali yao Mkunazini, kwenye eneo la soko la watumwa lililofungwa 1873. Mwaka 1893 likajengwa gereza kisiwani Changuu. Halikupata kukaa wafungwa, likaishia kuwa karantini ya abiria wa meli, na mpaka leo watalii wanapelekwa "Kisiwa cha Magereza" kuona kobe. Zanzibar hatujambo kwa kulipa jengo jina lisilo lake.

Sasa turudi Mizingani. Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya kutawala. Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia, mkopeshaji wa misafara ya pembe za ndovu ya kina Tippu Tip, mtu ambaye mwaka 1876 alishika ukodishaji wa forodha ya Zanzibar nzima, yaani haki ya kukusanya ushuru wake kwa kumlipa Sultani kodi, akaweka jiwe la msingi la hospitali ya sadaka kwa heshima ya jubilei hiyo. Maskini watibiwe bure. Mafundi na vifaa vikaja kutoka ng'ambo. Topan mwenyewe akafariki Bombay mwaka 1891, jengo halijesha. Mjane wake akalisimamia mpaka likamalizika 1894. Mwaka 1900 likauzwa.

Miaka sita tu! Jengo zuri kuliko yote pwani ile, na halikupata kuwa hospitali kubwa aliyoikusudia mwenyewe.

Hapa ndipo ilibidi nijifunze kitu ambacho wajenzi wa misikiti walikijua zamani. Mtu akijenga msikiti kwa akili hauachi hivi hivi. Anauwekea wakfu: maduka mawili matatu, au kipande cha shamba la mikarafuu, ili kodi na mavuno yanunue mafuta ya taa na mikeka, yamlipe muadhini, yazibe dari likivuja. Bila wakfu msikiti utafunguliwa kwa biriani na kasida, na mwaka wa tatu popo ndio watakaokuwa safu ya mbele.

Hospitali ni hivyo hivyo, ila njaa yake ni kali mara kumi. Nyumba ya kuishi ikishaezekwa imemaliza kula. Ukiipaka chokaa baada ya miaka mitano inashukuru. Hospitali ikishaezekwa ndiyo kwanza inafungua mdomo. Inataka daktari wa mchana na wa usiku, wauguzi, mpishi, dobi, bandeji, dawa, maji, kuni za kuchemshia vyombo. Na haivumilii hata siku moja: hakuna mgonjwa wa homa anayeweza kuambiwa arudi karafuu zikivunwa.

Au lichukue kama ndoa. Jengo ni mahari. Hulipwa mara moja, hadharani, watu wakihesabu na kushangilia, na jina la mlipaji hukumbukwa. Uendeshaji ni posho ya kila siku: samaki, unga, nazi, mafuta ya taa, asubuhi baada ya asubuhi, bila shahidi wala kigelegele. Wanaume wengi wameweza mahari. Topan alilipa mahari ya kifalme, kisha akafa kabla ya siku ya kwanza ya posho.

Nisikaze kamba mno. Mirathi ya tajiri mkubwa ina mambo yake, na jengo kuuzwa hakuhitaji sababu moja pekee. Lakini angalia kilichofuata, maana kwangu mimi ndicho kinacholifanya jambo hili lisomeke. Aliyelinunua, Haji Nasser Nurmohamed, naye mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi, hakujaribu tena hospitali kubwa. Aliweka dispensari chini, ghorofa za juu zikagawiwa makaazi ya watu. Chini dawa, juu wapangaji. Sidai kwamba kila kodi ya chumba iligeuka kuwa chupa ya kwinini, ila sura yake ni ya wakfu kabisa: duka na msikiti chini ya paa moja. Na dispensari hiyo, ndogo, isiyo na makuu, ikadumu miaka mingi kuliko ndoto ya hospitali iliyoizaa, mpaka jina lake likalimeza jengo zima.

Mnazi Mmoja nako posho ilitoka wapi? Serikalini. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na mfuko wa serikali ile ulitegemea sana ushuru wa karafuu na forodha. Hapa nilicheka peke yangu. Topan alitajirika kwa forodha, lakini hospitali yake aliijenga nje ya forodha, kwa mfuko wake. Hospitali ya serikali haikuwa na roshani za nakshi, ila ilifungwa kwenye kifua cha forodha yenyewe kama mtoto anyonyaye. Kila gunia la karafuu lililopandishwa melini lilikuwa na punje zake za mshahara wa muuguzi. Kwa hivyo Karimjee alipokuja na fedha za jengo katika miaka ya 1950, hakukuta kiwanja kitupu kama Topan. Alikuta idara yenye madaktari, wauguzi na bajeti. Alitoa mahari kwenye nyumba ambayo posho ilikuwa ikiingia tayari. Na serikali ilipopinduliwa, jina likabadilika lakini mishahara ikaendelea kutoka hazina. Lenin kweli alikuta vitanda vishatandikwa, na hilo ndilo lililomfaa.

Mahali nako kulisaidia. Mji Mkongwe zamani ulikuwa karibu kisiwa: mkono wa bahari uliingia kwa Funguni, ukapita Darajani, penye daraja lililopa mahali hapo jina, ukautenga mji na Ng'ambo. Uliendelea kufukiwa kidogo kidogo mpaka katikati ya karne ya 20. Mnazi Mmoja ndiyo iliyokuwa shingo, pale ardhi ilipoungana. Ukisimama hapo leo, mawe ya Vuga yako upande mmoja, Kikwajuni na Michenzani upande wa pili, upepo wa bahari unakupiga usoni. Hospitali iliyo shingoni huwafikia kichwa na kiwiliwili. Sisemi kwamba kuna Mzungu aliyekaa na rula akapima hivyo; huenda walitaka upepo na nafasi tu.

Hatua chache kutoka hapo kuna Beit el Amani, makumbusho yenye makuba meupe yaliyochorwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa 1925. Mkuu wake wa kwanza hakuwa mtu wa mambo ya kale bali daktari wa serikali, Alfred Spurrier, na pamoja na kumbukumbu za masultani palifundishwa habari za afya, mbu wakiwemo. Yaani mtaa wa tiba ulishatoa tawi kabla hata jengo la Karimjee halijasimama.

Matawi mengine yalikuja kwa njia ile ile ya posho. Palipo na maabara daktari hataki kwenda mbali. Palipo na daktari, muuza dawa hufungua duka. Palipo na wagonjwa wa kutosha, wanafunzi huletwa kujifunza. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kimeingiza wanafunzi wake wa udaktari humo. Mwaka 2014 likafunguliwa jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo lililoletwa na taasisi ya NED kutoka Hispania. Lilipandwa ndani ya ua ule ule, si Mizingani kwenye mandhari nzuri zaidi. Mizingani, baada ya jengo kuchakaa, Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilifufua katika miaka ya 1990 likawa kituo cha utamaduni. Hakuna anayepewa kidonge mle, na bado watu wanasema "tukutane dispensari".

Juzi nilipeleka chakula kwa jamaa aliyelazwa Mnazi Mmoja. Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa haijafika, getini kumejaa akina mama na vikapu, chupa za chai, sahani zilizofungwa kwa kitambaa. Bibi mmoja nyuma yangu alikuwa akizungumza kwenye simu: "Niko hapa Lenin, mwanangu, hawajafungua." Nikageuka, nikataka kumweleza habari ya Karimjee. Nikanyamaza, uji wake ulikuwa unapoa.

Huko Pemba, hospitali ya Abdulla Mzee iliyopo Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Mara hii mlipa mahari hakuishia mlangoni: madaktari wa Jiangsu wamo ndani, wanapokezana zamu, wanauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza wapi panauma. Jina lake, mpaka ninapoandika, halijabadilishwa.