Si chumvi inayokaidisha mbaazi

Hapa Lamu tumeambiwa tangu utotoni: usitie chumvi kwenye mbaazi kabla hazijaiva, zitakuwa ngumu. Basi mama anayerudi kazini magharibi anaona mbaazi ni kazi ya siku nzima, ananunua chakula cha njiani kwa bei ya juu.

Chumvi inasingiziwa. Ganda la mbaazi limeshikwa na pektini, gundi ya asili ya mimea, na pektini hiyo hukazwa na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ukiroweka kwa maji ya chumvi, sodiamu iliyomo kwenye chumvi huchukua nafasi ya madini hayo, ganda likalegea. Kijiko 1 cha mezani kwa lita 1 ya maji, usiku kucha; asubuhi mwaga maji, suuza, teleka. Mkaa unaookoa ni pesa ya nazi!

Wakaidi wa kweli ni uchachu na chokaa. Ndimu, ukwaju na nyanya vingoje mpaka mbaazi ziwive. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe huwa na chokaa, yaani kalsiamu ile ile inayokaza ganda, kwa hiyo ukiwa na maji ya mvua, pikia hayo. Tui zito litie mwisho, moto mdogo, huku ukikoroga lisikatike.