Je, wajua kwa nini Seneti ya Kenya imekuwa na Maspika wanne tu tangu 1963?

Ukimwuliza Mkenya akutajie Maspika wa Seneti, wengi wataanza na Ekwee Ethuro, wafuate Kenneth Lusaka, wamalizie na Amason Kingi. Watatu. Wa nne, ambaye kwa hakika ndiye wa kwanza, husahaulika: Muinga Chokwe, mwanasiasa wa Pwani aliyekalia kiti hicho tangu 1963. Kati yake na Ethuro kuna pengo la zaidi ya miaka 46, na katika muda huo wote hakukuwa na Spika kwa sababu Seneti yenyewe haikuwepo.

Seneti ile ya kwanza ilizaliwa na hofu. Kuelekea uhuru, chama cha KADU cha Ronald Ngala kilihofia kwamba jamii ndogo za Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi zingemezwa na serikali kuu yenye nguvu mno. Ndipo ikaja katiba ya majimbo, na Bunge likagawanywa mara mbili: Baraza la Wawakilishi lililochaguliwa kufuata maeneo ya ubunge, na Seneti yenye watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Katika mambo ya kawaida Seneti haikuwa na meno makali. Iliweza kuchelewesha mswada tu. Nguvu yake ilikuwa kwenye katiba. Vifungu vilivyolindwa zaidi havikuguswa bila asilimia 90 ya maseneta kukubali. Piga hesabu: kati ya 41, watano tu wakigoma, mambo yamekwama.

Kwa serikali ya Jomo Kenyatta huo ulikuwa mwiba. Ulianza kung'olewa Novemba 1964, KADU ilipojivunja na watu wake kuhamia KANU, chama cha Kenyatta. Mwaka 1965 kiwango cha kura za kubadili katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa 1966 ikaletwa hoja ya kuunganisha mabaraza mawili yawe moja, na maseneta wakaipitisha.

Lakini nani hukubali kuifuta kazi yake mwenyewe? Jibu limo kwenye tarakimu. Maeneo ya ubunge yaliongezwa kutoka 117 hadi 158. Toa 117 kwenye 158, unabaki na 41 kamili. Kila seneta alitengewa kiti chake katika Bunge jipya, na uchaguzi ukasogezwa mbele. Kisiasa, hiyo ilikuwa biashara isiyo na hasara kwa yeyote, isipokuwa wilaya walizotoka. Kiti ambacho hakikuweza kuongezwa ni cha Spika. Bunge moja huwa na Spika mmoja, na nafasi hiyo ikaenda kwa Humphrey Slade, wakili Mzungu aliyekuwa akiliongoza Baraza la Wawakilishi.

Katiba ya Agosti 2010 ndiyo iliyoirudisha Seneti, safari hii kwa jina la ugatuzi, yaani kugawa madaraka kwa kaunti: maseneta 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, na 20 wa kuteuliwa. Ethuro, aliyekuwa mbunge wa Turkana ya Kati, alichaguliwa Spika Machi 2013. Katiba inataka Spika awe mtu anayestahili kugombea lakini asiwe seneta, kwa hiyo kiti hiki kimekuwa kimbilio zuri kwa mwanasiasa aliyebaki bila kazi. Lusaka aliangushwa ugavana wa Bungoma Agosti 2017, na kabla mwezi haujaisha tayari alikuwa Spika. Mwaka 2022 akaurudia ugavana wake. Kingi alimaliza mihula miwili ya ugavana Kilifi, akaingia Seneti Septemba 2022. Baada ya miongo kadhaa kiti kikarudi Pwani.

Kazi hii si ya kugonga meza na kuita "utaratibu" tu. Kabla mswada haujajadiliwa, likizuka swali kama unahusu kaunti, Maspika wa mabaraza yote mawili, Seneti na Bunge la Taifa, hulazimika kulitatua pamoja, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Mwaka 2013 mswada wa ugavi wa mapato kati ya serikali kuu na kaunti ulifika kwa Rais bila maoni ya Seneti kuzingatiwa. Ethuro na wenzake wakaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri, na Novemba 1 mwaka huo majaji wengi wakasema Seneti haikupaswa kurukwa. Kesi hiyo husomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, na Spika wa Seneti yumo kwenye jina lake.

Kisha kuna usiku wa Oktoba 17, 2024. Naibu Rais Rigathi Gachagua alikuwa akishtakiwa kwa makosa 11, na Kingi ndiye aliyeongoza kikao. Kura zilipigwa kosa moja baada ya jingine. Ili kosa lithibitike zilihitajika kura 45 kati ya 67. La kwanza lilipata 54. Hadi mwisho makosa matano yalikuwa yamethibitishwa, na Kingi akatangaza kwamba Naibu Rais ameondolewa. Kura yake mwenyewe haikuwemo kwenye hesabu hizo: Spika hapigi kura, na hata pande mbili zikilingana haruhusiwi kuamua. Hoja huhesabiwa imeanguka.