Mtoto Anayeumwa Mama Akiwapo Tu: Maswali na Majibu

Ugonjwa wa kusingiziwa ni nini?

Ni hali ambayo mzazi au mlezi, mara nyingi mama, hueleza dalili ambazo mtoto hana, au humsababishia dalili hizo kwa makusudi, kisha humleta hospitali atibiwe. Daktari Mwingereza Roy Meadow aliieleza mwaka 1977 kupitia watoto wawili: mmoja alikuwa akipewa chumvi kupita kiasi, na mwingine sampuli zake za mkojo zilikuwa zikichezewa. Waathiriwa wengi ni watoto wadogo ambao bado hawawezi kujieleza.

Hujitokezaje wodini?

Degedege huelezwa kila asubuhi, lakini hakuna muuguzi aliyewahi kuiona. Homa hupanda kipimajoto kikiwa mkononi mwa mama, na muuguzi akipima mwenyewe haipo. Damu huonekana kwenye mkojo uliokusanywa na mama, ilhali mkojo uliokusanywa na muuguzi ni safi. Dawa hazisaidii, faili linanenepa, na familia inahama hospitali moja hadi nyingine. Dalili moja peke yake haitoshi. Kinachopaswa kutushtua ni mfululizo wake.

Lakini mama huyu hampi mtoto mgongo hata usiku. Anaweza kweli kumdhuru?

Anaweza. Mapenzi yanayoonekana wodini si kipimo cha usalama wa mtoto. Wengi wao ni wapole, wanajua majina ya dawa, na wanashukuru kwa kila sindano, na hilo ndilo linalotufanya tufumbe macho. Mama mwenye wasiwasi wa kawaida hupumua majibu yakitoka mazuri. Huyu huvunjika moyo, kisha anaomba kipimo kingine.

Je, si busara kusubiri tuwe na uhakika kamili?

Hapana. Kila siku ya kusubiri ni siku ya dripu, ya kuchomwa sindano, pengine hata ya upasuaji usiohitajika, na tukubali kwamba sehemu ya madhara hayo inatoka mikononi mwetu sisi watoa huduma. Wapo watoto waliofariki kwa kuzibwa pumzi au kupewa sumu.

Basi tumwite mama tumuulize?

Hapana tena. Akishtuka ataondoka na mtoto usiku huohuo, au atazidisha madhara ili aaminiwe. Mjulishe daktari kiongozi na maofisa wa ustawi wa jamii, andika nani aliona nini na saa ngapi, sampuli zikusanywe na wauguzi wenyewe, na mpango wa kumlinda mtoto uwe tayari kabla ya mama kuambiwa lolote.

Nasi jamaa wa mtoto tufanye nini?

Msinyamaze kwa kuogopa aibu ya ukoo. Semeni mlichokiona.

Mtoto na mama wanahudumiwaje baadaye?

Mtoto hukaa mahali salama, dawa asizozihitaji huondolewa kwa usimamizi wa daktari, na aliyezoea kuambiwa kuwa ni mgonjwa husaidiwa na mshauri nasaha ajifunze upya kula, kucheza na kwenda shule bila woga. Ndugu zake nao wachunguzwe, maana mara nyingi hakuumizwa peke yake. Mama apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili. Baadhi ya mama wa aina hii walidhulumiwa utotoni au huigiza maradhi yao wenyewe. Matibabu yake ni ya muda mrefu, na bila yeye kukiri alichofanya, kumrudishia mtoto ni hatari, hata akilia namna gani.