Je, wajua kwa nini nyumba za mawe za zamani Uingereza zina madirisha yaliyozibwa?

Ukizunguka vijijini kule Uingereza utakutana na nyumba ya mawe ya siku nyingi, nafasi ya dirisha ipo, kizingiti kipo, ila pale pa kukaa kioo pamejazwa mawe au matofali mpaka juu. Unaweza kudhani waliogopa wezi, kumbe ni kodi tu.

Mwaka 1696, enzi za Mfalme William III, serikali ilibanwa na hela ikaleta kodi ya madirisha. Kila nyumba shilingi 2 kwa mwaka, ikiwa na madirisha 10 mpaka 20 unaongeza 4, ukizidi hapo unaongeza 8. Sasa kwa nini madirisha na sio kipato? Watu hawakutaka kabisa serikali ijue mifuko yao, halafu kabla ya hapo kulikuwa na kodi ya meko, shilingi 2 kila meko, iliyochukiwa vibaya mno maana mkaguzi alikuwa anaingia mpaka ndani kwako kuhesabu, ikafutwa 1689. Dirisha halina shida hiyo, jamaa anasimama zake nje, anahesabu moja mbili tatu, anaandika, anasepa.

Ila watu nao wajanja. Mwenye madirisha 10 akiziba moja tu anabaki na 9, ile shilingi 4 hailipi tena. Viwango vilikuja kubadilishwa mara kadhaa na watu wakaendelea kuziba. Mimi wanaonichekesha ni wafugaji, maana baadaye chumba cha maziwa na cha jibini vilisamehewa kodi, sharti uandike hapo ni chumba cha nini, na kuna nyumba za shamba ambazo maandishi hayo bado yanasomeka juu ya mlango.

Kodi ilifutwa 1851 baada ya kelele nyingi, wakiwemo madaktari waliosema nyumba zisizo na mwanga wala hewa zinaleta maradhi.

Lakini usije ukaona kila dirisha bubu ukasema kodi hiyo. Mengine yalijengwa hivyo hivyo tangu mwanzo ili ukuta wa mbele upendeze, kulia na kushoto vilingane. Angalia kilichojazwa: kama ni matofali kwenye ukuta wa mawe, au chokaa yake ina rangi tofauti, basi huenda kweli lilikuwa wazi likazibwa. Kisha ingia ndani uone nyuma yake kuna nini, ukikuta dohani la tangu nyumba inajengwa linapanda hapo hapo, ujue hapo hapajawahi kupita mwanga hata siku moja.