Reli Haiji Kuajiri Kijiji Kizima

Wiki iliyopita pale Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, mzee mmoja alinisubiri chini ya mwembe tangu saa mbili asubuhi. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi ya mauziano iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameshauza ekari tatu za michikichi kati ya nne alizoachiwa na baba yake. Alitaka nimsaidie kuikata viwanja ile moja iliyobaki.

"Shikamoo mzee. Sasa vijana watalima wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hawa hawalimi tena. Mji umeshatufikia, na reli hiyo inakuja. Kazi zitakuwepo."

Maneno hayo nimeyasikia Bitale, nimeyasikia Simbo, nimeyasikia Kidahwe, na kila nikiyasikia najua kuna shamba limeshaondoka au linaondoka. Kazi yangu ni mipango ya matumizi bora ya ardhi: nakaa na halmashauri za vijiji na wanakijiji, tunahesabu kaya, tunachora ramani, tunakubaliana wapi pawe makazi, wapi mashamba, wapi malisho. Safari hii naandika, kwa sababu kulirudia jambo hili kwa mdomo, kaya kwa kaya, naona haitoshi tena. Nazichukua dhana ninazozisikia vijijini, moja baada ya nyingine, na kuzijibu.

Dhana: watu wanaongezeka na reli inakuja, kwa hiyo ajira zitatutosha hata bila shamba

Tuanze na idadi ya watu, maana kosa linaanzia hapo. Mtu akiona mabati mapya yanameta kutoka Mwanga, pale mjini Kigoma, hadi Mwandiga anasema Kigoma imefurika. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Kigoma na watu 2,127,930. Ile ya 2022 ikakuta 2,470,967. Huo ni ukuaji wa asilimia 1.5 hivi kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Kwa mwendo wa taifa, watu huwa maradufu ndani ya miaka 22 hivi. Kwa mwendo wetu ni zaidi ya miaka 45. Manispaa ya Kigoma/Ujiji ilikwenda polepole hata kuliko mkoa, kutoka watu 215,458 hadi 232,388 kwa miaka 10 yote hiyo.

Sasa jiulize. Vijijini mwetu hatuna uhaba wa watoto. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa kijijini nchini huzaa wastani wa watoto 5.5, na wa mjini 3.6. Kama vitanda vya wodi ya wazazi havikauki na bado mkoa unakua nusu ya mwendo wa taifa, wale watoto wakikua wanakwenda wapi? Wanaondoka. Wako Dar es Salaam, wako Katavi, wako Tabora kwenye tumbaku. Karibu kila kaya ninayoihesabu ina jina moja au mawili ambayo mama anayataja kwanza, kisha anajirekebisha: "Huyo yuko mbali, usimwandike."

Nyumba mpya tunazoziona ni habari nyingine. Anayejenga Mwandiga mara nyingi ametoka Ujiji au Mwanga akitafuta kiwanja cha bei nafuu, au ni mstaafu, au ni mtoto wetu aliyeko Dar anayetuma fedha ya tofali. Mji haujanenepa, umejinyoosha. Fundi akishapaua na kulipwa, kwenye nyumba ile hakuna ajira iliyobaki, labda ya mlinzi.

Na reli? Reli tunaijua sisi kuliko wanaotuhadithia. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914. Kabla ya hapo mji mkubwa ulikuwa Ujiji, soko la Ziwa Tanganyika zima. Wajerumani wakaimalizia reli kwenye ghuba ya Kigoma, penye kina cha kutosha meli, na biashara ikahama Ujiji ikaifuata. Kilomita chache tu, lakini Ujiji haikurudi kuwa ile ya zamani. Treni haimfaidii kila aliye jirani na njia yake. Inamfaidi aliye pale inaposimama na mwenye cha kupakia.

Baada ya hapo, mabehewa yaleyale ndiyo yaliyowachukua babu zetu kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Ukoo gani wa Waha hauna mzee aliyekwenda mkonge? Reli iliyopaswa kutuletea kazi ilitupeleka sisi kwenye kazi ya mbali, kwa sababu huku hapakuwa na kazi ya kutosha ya kutuzuia. Hilo ndilo ninaloliogopa litokee tena, na safari hii tukiwa tumeshauza mashamba.

Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ni mradi mzuri na ninautaka. Lakini kazi za ujenzi ni za ujenzi: kusuka nondo, kumwaga zege, kuendesha malori, ulinzi, mama lishe wa kambi. Tuta likipita kijijini kwako, kambi inahama na kazi zinahama nayo. Ujenzi ukiisha, reli ya umeme na bandari ya makontena huhitaji watu wachache, na wengi wao ni wenye cheti. Kijana aliyeishia darasa la saba hatapewa kuongoza treni kwa sababu baba yake aliuza ekari tatu karibu na tuta.

Mfano wa karibu zaidi ni barabara ya Mwandiga hadi Manyovu. Wakati inajengwa, vijana wengi walipata vibarua. Lami ilipokamilika, vibarua vikaisha. Waliobaki na kazi mpaka leo ni wenye ndizi, maharage na kahawa kule Kalinzi, pamoja na wanaowasombea, wanaowanunulia na wanaowauzia chakula. Barabara iliwapa kazi ya kudumu watu waliokuwa na mzigo. Kijana asiye na shamba alibaki kando ya lami akiangalia Fuso zinapita.

Sasa turudi kwenye ekari tatu za yule mzee, kwa sababu anazungumza kana kwamba kazi ni kitu kitakachokuja, ilhali aliiuza. Ekari moja ya michikichi iliyopandwa kwa mpangilio wa pembetatu, mita 9 kati ya mti na mti, hubeba miti 57 hivi. Hesabu mikono inayoishi kwa miti hiyo: anayepalilia, anayepanda juu na panga kukata mikungu, anayesomba kwa baiskeli, wanaochambua, anayechemsha kwenye pipa, wanaokamua, anayenunua mawese kwa dumu na kuyapeleka mjini. Halafu kuna akina mama wanaogonga kokwa wapate mise, yaani mbegu ya ndani, na wanaopika sabuni. Hata makapi ni kuni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuandika barua ya maombi ya kazi, na ndiyo maana hatuwahesabu.

Na zao lenyewe halijafikia mwisho wake. Tangu 2018, serikali ilipolivalia njuga, kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimekuwa kikizalisha miche ya Tenera, aina ya kisasa ya mchikichi. Dura, aina ya babu zetu, ina gamba nene kwenye kokwa na nyama kidogo. Tenera ina gamba jembamba na nyama nyingi, kwa hiyo mkungu uleule unatoa mafuta mengi zaidi, na mti huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu au wa nne. Nchi yetu bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Mwenye shamba karibu na mji, mwenye umeme, lami na soko la Kigoma mjini chini ya saa moja, ndiye aliyepaswa kufaidi kuliko wote. Yeye ndiye anayeuza.

Sijasema usiuze kabisa. Watu wana ada za shule, wana wagonjwa. Ninasema uza kiwanja, usiuze kazi ya watoto. Bakiza angalau ekari moja isiyoguswa kabla hujaanza kukata popote, na usiuze viwanja viwili mwaka mmoja kama hakuna msiba wala hospitali. Ushauri huu naurudia hadi wenyeviti wa vijiji wananitania, na nitaendelea kuurudia.

Dhana: tumejaa kwa sababu ya wakimbizi

Wakimbizi huwekwa kambini, na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Asiye raia hamilikishwi ardhi hapa isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Anayenunua viwanja vya Mwandiga ni Mtanzania mwenzako. Na jirani ambaye Kiha chake kina lafudhi ya mpakani amezaliwa hapa, na pengine baba yake pia. Mpaka uliwakuta. Tuache kuwatilia watu shaka kwa jinsi wanavyotamka maneno.

Dhana: asiyeajiriwa hana kazi

Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata saa 1 katika wiki inayoulizwa anahesabiwa kuwa na kazi. Ndiyo maana takwimu za ukosefu wa ajira zinaonekana ndogo na watu wanazikasirikia. Shida yetu kubwa ni kazi isiyotosha: siku mbili za kibarua, wiki nzima ya kukaa, na msimu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kaya za Kibirizi na Katonga zenye kipande cha muhogo zilivuka salama kuliko zile zilizotegemea dagaa na migebuka peke yake. Mzazi anayemwambia kijana wake mkamua mawese "tafuta kazi" anamfundisha kuidharau kazi aliyonayo.

Dhana: kijiji kikigeuzwa mtaa, maendeleo yanakuja yenyewe

Kinachokuja mara moja ni utaratibu mpya. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao leo una sauti juu ya ardhi yenu, hautakuwepo. Utahitaji kibali cha ujenzi, kutakuwa na kodi ya pango la ardhi, na kulima katikati ya makazi kutakuwa na masharti. Bomba la maji litakuja bajeti ikiruhusu, na hiyo haifuati jina la eneo. Kama mabadiliko hayaepukiki, kamilisheni mpango wa matumizi ya ardhi na hatimiliki za kimila kabla hayajafika, wakati bado ninyi ndio wasemaji.

Dhana: sensa ilitupunja

Sensa ilihesabu aliyelala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022. Umati unaouona sokoni mchana unalala Kalinzi, Mahembe na Ujiji, na umehesabiwa huko.

Dhana: jenga kibanda haraka, utalipwa fidia

Tathmini ikishafanyika, kilichoongezwa baadaye hakilipwi. Fidia inahusu ardhi, mazao na majengo yaliyokutwa, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Aliyeacha michikichi iliyotunzwa analipwa mazao yake. Aliyeing'oa ili asimamishe kibanda cha udongo amejipunja mwenyewe.

Dhana: ekari moja ni viwanja vinane

Hili linawaumiza wengi kimyakimya. Ekari ina mita za mraba 4,047. Ukigawa kwa 500 unapata nane, na watu wanaishia kwenye hesabu hiyo. Barabara zipite wapi? Gari la zimamoto au la kubeba mgonjwa litaingilia wapi? Ukitoa asilimia 30 ya njia na maeneo ya umma, unabaki na viwanja 5. Wanaouza vinane wanauza vichochoro, kisha wajukuu wanagombana na majirani juu ya upenyo wa kupitisha jeneza. Pima kwanza, uza baadaye. Anayekuharakisha kuuza kabla hujapima anajua ardhi ikishapimwa bei yake inapanda.

Yule mzee nilimwomba aniruhusu kuifungua ile karatasi yake. Ilikuwa na jina la mnunuzi, jina lake, bei, na dole gumba la shahidi mmoja. Hapakuwa na muhuri wa halmashauri ya kijiji, na hapakuwa na jina la mke wake, ambaye ndiye aliyekuwa akikamua mawese ya ekari hizo. Nilimuuliza kama mama anajua. Akakaa kimya kidogo, akaikunja tena karatasi mara nne. Ile ekari ya nne hatujaikata. Jumatano narudi, na safari hii tutakaa watatu, mama naye akiwepo, na mwenyekiti ameahidi kumwita mnunuzi.